Pima mvutano wa Dunia kwa uzi na nati

Shule isiyo na maabara inaweza kabisa kufanya jaribio zuri la fizikia. Uzi wa kushonea, nati nzito kutoka gereji, futi ya fundi na simu yenye saa ya kuhesabia sekunde vinatosha kupima mchapuko wa mvutano wa Dunia, ule ambao vitabu huuandika g. Kwetu pwani, karibu na ikweta, thamani yake ni kama 9.78 m/s². Fomula ni g = 4π²L ÷ T²: L ni urefu wa pendulamu kwa mita, T ni muda wa mbembeo mmoja, yaani kwenda na kurudi, kwa sekunde. Wanafunzi wengi wameihifadhi, na bado wanapata 8 au 11. Fomula haina kosa. Kosa limeingia wakati wa kupima.

Tuanze na uzi. Usiufunge kwenye msumari, kwa sababu utakuwa unajiviringisha na kujifungua kila nati inapobembea, na urefu utabadilika. Ubane kati ya vipande viwili vya mbao ili uning'inie kutoka sehemu moja tu. Halafu ikague futi yako. Kile kibati cha mwanzoni mara nyingi kimelegea au kimepinda, kwa hiyo anzia kwenye alama ya sentimita 10, kisha utoe 10 kwenye jibu. Soma upande wa sentimita. Ikiwa futi ina inchi tu, zidisha kwa 2.54.

Urefu unaotakiwa unaishia katikati ya nati, mahali ambapo futi haifiki vizuri. Pima mpaka ukingo wa juu wa nati, pima tena mpaka ukingo wa chini, jumlisha na ugawe kwa mbili. Ukipata 98.8 na 101.2, L ni sentimita 100.0, yaani mita 1.000.

Sasa muda, na hapa ndipo jaribio hupona au hufa. Ivute nati pembeni kidogo tu, kama sentimita 10, kwa kuwa fomula hii inafaa kwa mibembeo midogo. Iachie bila kuisukuma. Usipime mbembeo mmoja! Pendulamu ya mita moja huchukua kama sekunde 2.01, na kidole kikichelewa sekunde 0.2 tu kubonyeza, g itashuka hadi karibu 8.1. Hesabu mibembeo 20, ambayo itachukua kama sekunde 40.2. Ucheleweshaji uleule sasa unagawanywa kwa 20, na g inakuja karibu 9.7.

Bonyeza nati inapopita chini kabisa, si inapofika mwisho wa mbembeo, maana kule mwisho hukawia na huwezi kujua imegeuka saa ngapi hasa. Na unapobonyeza kuanza, tamka "sifuri". Anayeanza na "moja" amehesabu mibembeo 19 akidhani ni 20, naye atapata g ya karibu 10.8. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Ikiwa saa ya simu inaonyesha 1:05.30, hizo ni sekunde 65.30.

Andika kizio kwenye kila mstari wa hesabu, hata kama mkono unachoka. Ukiingiza L kama 100 badala ya 1.000 utapata 978, na kama umeandika vizio utaona papo hapo kuwa hizo ni sentimita kwa sekunde mraba na jibu lako liko sawa. Bila vizio, utafuta kazi nzuri. Kikokotoo nacho kitakupa 9.7804127, usiinakili yote. Kwa vifaa hivi, andika 9.8 m/s², ukiongeza kwamba inaweza kuzidi au kupungua kwa 0.1.

Mbinu hii ya kurundika mibembeo ndiyo iliyofichua kwamba g hutofautiana mahali na mahali. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka Cayenne, karibu na ikweta, saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris, akakuta inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Katika mbembeo mmoja tofauti hiyo haionekani kabisa. Kwa siku nzima haifichiki. Wapo waliotaka mita iwe urefu wa pendulamu inayokwenda upande mmoja kwa sekunde moja, ambao Paris ni karibu sentimita 99.4. Lakini urefu huo hubadilika ukisafiri, na mwaka 1791 Wafaransa waliamua kuitoa mita kwenye umbali wa ncha ya kaskazini hadi ikweta. Tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde.

Ukimaliza, fupisha uzi hadi L iwe mita 0.250 na urudie. Mibembeo 20 ichukue karibu sekunde 20.1, nusu ya ule muda wa kwanza. Ikiwa g ya uzi mfupi inatofautiana sana na ya uzi mrefu, shuku urefu kwanza: kosa la sentimita 1 ni asilimia 1 kwenye mita nzima, lakini ni asilimia 4 kwenye robo yake. Rudi kwenye nati, upime upya kingo zake zote mbili.