SOMO: GARI LILILOWEKWA REHANI, NA MWENYE GARI ANAPOFILISIKA



Vyama vyetu vingi hapa Kenya huwakopesha wanachama fedha za kununua pikapu au lori la kubebea maziwa, kahawa na mazao mengine. Fedha hizo ni akiba ya wanachama wote. Kwa hiyo yafaa tuelewe sheria inasema nini juu ya gari lililowekwa rehani, hasa mkopaji anapofilisika.

1. Mwenye gari ni nani?

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki (Sura 403) chasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake, logibuku ni ushahidi wenye nguvu, lakini si neno la mwisho. Mahakama yaweza kupokea hati ya mauziano na ushahidi mwingine.

2. Rehani hushikaje?

Wako wanaodhani kwamba kuifungia logibuku katika sefu ya chama kwatosha. Hakutoshi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017 ihusuyo dhamana juu ya mali inayohamishika, chama chapaswa kuwa na mkataba wa maandishi uliotiwa sahihi na mkopaji, kisha kuandikisha notisi katika daftari la dhamana la serikali. Wadai wawili wakilidai gari moja, kwa kawaida hutangulia yule aliyeandikisha kwanza, wala si yule aliyekopesha kwanza. Ndiyo sababu yapasa kulipekua daftari hilo kabla ya kutoa hundi. Tena notisi ina muda wake; isipohuishwa, nguvu yake huisha.

3. Mkopaji akifilisika

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, mali ya mufilisi huwekwa mikononi mwa msimamizi, na mwenyewe hawezi tena kuiuza. Wadai wasio na dhamana hungojea mgao. Lakini mwenye rehani iliyoandikishwa mapema aweza kulitwaa gari, kuliuza kwa kufuata sheria, na kujilipa. Kinachozidi humpa msimamizi. Kinachopungua hukidai pamoja na wadai wengine.

Tuchukue mfano. Mwanachama anadaiwa na chama Sh. 600,000, na gari lake lauzwa Sh. 450,000. Chama kilichoandikisha rehani chachukua Sh. 450,000, baada ya kuondoa gharama za mauzo, na chabaki kudai Sh. 150,000 tu. Chama ambacho hakikuandikisha chaingia katika mgao kwa deni lote. Tuseme mgao ni senti 20 kwa kila shilingi: kitapata Sh. 120,000. Hasara ya Sh. 480,000 itaangukia akiba za wanachama, ingawa logibuku bado imo sefuni.

Wala haifai kungoja mpaka mkopaji aanze kuyumba ndipo chama kikimbilie kumwekesha rehani kwa deni la zamani. Mahakama yaweza kuitangua rehani ya namna hiyo, kwa kuwa yampendelea mdai mmoja na kuwadhulumu wengine.

4. Mufilisi akiachiliwa

Kwa kawaida mufilisi huachiliwa madeni yake miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake. Kuachiliwa huko hakufuti rehani halali iliyo juu ya gari, wala hakumwondolei mdhamini wajibu wake. Kila mwanachama akumbuke jambo hili kabla ya kutia sahihi ya kumdhamini mwenzake.

Maswali ya kujadiliwa katika kamati

(a) Ni mikopo mingapi ya magari chamani mwetu ambayo notisi yake haijaandikishwa?
(b) Notisi zilizoandikishwa zitaisha lini, na ni nani aliyepewa kazi ya kuzihuisha?
(c) Je, wadhamini wote wameelezwa wajibu wao kwa lugha wanayoifahamu?

Katibu aandike majibu katika kumbukumbu za mkutano, ili mkaguzi ajapo ayakute.