Somo la Kompyuta: Kwa Nini Karatasi Haifiki Katika Folda?

Muhula uliopita alikuja mama mmoja katika ofisi ya taaluma, amefunga karatasi ndani ya kitambaa. Ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe aliye Kidato cha Nne. Pembe moja ya cheti ilikuwa na alama ya tope lililokauka, na mhuri ulikuwa umeanza kufifia. Hapana mtu wa Katesh ambaye angehitaji kuuliza tope hilo lilitoka wapi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikateremka mpaka mjini, watu zaidi ya 80 wakafa, na nyumba na maduka yakafukiwa pamoja na vyote vilivyokuwamo. Mama huyu alitaka jambo dogo tu: picha ya cheti ihifadhiwe shuleni, kusudi hata hiki cha asili kikiharibika kabisa pawe na kitu cha kuonyesha.

Nikalaza karatasi juu ya kioo cha printa, nikabonyeza. Mashine ikapitisha taa yake vizuri, kisha ikaandika kwamba imeshindwa kuunganika. Nikarudia mara tatu. Mama akasema, "Mwalimu, labda mashine nayo imechoka. Nitarudi siku ya mnada." Nikamwomba radhi, naye akaenda zake na cheti chake ndani ya kitambaa. Kwa kweli niliona haya. Basi nikaazimia kulijua jambo hili tangu mwanzo hata mwisho, na niliyoyapata ndiyo ninayowaandikia ninyi wanafunzi, pamoja na walimu wenzangu na wazazi wenye mashine kama hizi madukani mwao.

Safari mbili, si moja

Watu wengi husema, "Printa ni nzima, mbona inachapa?" Hapo ndipo fikira inapopotea. Unapochapa, kompyuta ndiyo inayoondoka nyumbani kwake kwenda kumwita printa. Unaposkani kwenda katika folda, mambo hugeuka: printa ndiyo inayofunga safari, na kompyuta ndiyo inayopigiwa hodi. Mtu anaweza kutoka nje ya nyumba yake wakati wo wote apendao, lakini haimaanishi kwamba kila apitaye njiani anaweza kuingia. Kwa hiyo printa ikichapa, umepata kujua jambo moja tu, kwamba vyombo viwili hivi vimo katika mtandao mmoja na mawimbi ya redio yanapita kati yao. Juu ya kuskani hujajua bado.

Afadhali tuifikirie printa kuwa ni tarishi wa ofisi. Amepewa bahasha aipeleke katika nyumba fulani, ndani ya kabati fulani. Hapana budi aijue nyumba yenyewe. Akifika, bawabu amruhusu kupita. Akipita, aseme jina lake na neno la siri, vikubalike. Tena akifika penye kabati awe na ruhusa ya kutia kitu ndani, si kutazama tu. Zaidi ya hayo, lugha anayosema yeye iwe ni ile wanayoisikia wenye nyumba. Bahasha inaweza kurudi kwa sababu ya lo lote katika hayo, na mashine nyingi kwa bahati mbaya huandika maneno yale yale machache kwa kila kosa.

Jaribio linalookoa siku nzima

Kabla ya kugusa cho chote, tafuta kompyuta ya pili iliyo katika mtandao ule ule, ujaribu kuifungua folda kutoka huko. Andika mikwaju miwili ya kurudi nyuma, kisha anwani ya kompyuta yenye folda, kisha mkwaju mmoja, kisha jina la folda iliyoshirikishwa, mathalani: \\192.168.1.12\skani. Ukiulizwa jina na neno la siri, toa yale yale uliyoiandikia printa, wala si ya kwako mwenyewe. Maana ukitumia ya kwako utakuwa umemjaribu mtu mwingine, si tarishi. Folda ikifunguka, tengeneza faili ndogo ndani yake, hata yenye neno moja.

Faili ikikubali kuandikwa, basi nyumba, bawabu, jina na kabati vyote ni vyema, na ugonjwa umo katika printa yenyewe: ama umeiandikia anwani vibaya, ama lugha yake ni ya zamani. Faili ikikataa, au folda isifunguke kabisa, usipoteze muda kubonyeza vitufe vya printa. Ugonjwa uko upande wa kompyuta au njiani. Nimewaona watu wakiifuta mipangilio yote ya printa na kuanza upya, kumbe ile haikuwa na kosa hata kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, na ilinichukua alasiri nzima kuyarudisha niliyoyafuta.

Nyumba iliyohama

Ruta ndiyo inayogawa anwani kwa kila chombo kinachoingia katika mtandao, nazo hutolewa kama chumba cha kupanga, kwa muda. Umeme ukikatika na kurudi, vyombo vyote huomba anwani tena, na si lazima kila kimoja kipate ile ya jana. Katika kisa chetu kompyuta ya taaluma ilikuwa 192.168.1.12 siku printa ilipofundishwa njia. Nilipoandika amri ya ipconfig katika kompyuta ile, nikaona sasa ni 192.168.1.19. Nikatafuta katika ruta ni nani aliyeichukua 12, nikakuta ni simu ya mwalimu mmoja! Tarishi alikuwa akipiga hodi kila siku katika mfuko wa koti.

Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuiwekea kompyuta anwani ya kudumu, ambayo hatapewa mwingine. Ruta huitambua kompyuta kwa namba ya kiwandani iliyo katika kadi yake ya mtandao, yenye tarakimu na herufi 12. Wengine hutumia jina la kompyuta badala ya anwani. Nalo lafaa, ila printa nyingine hazijui kulitafuta jina, hivyo mimi napendelea anwani iliyofungwa.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue kompyuta haikupewa anwani na ruta, ikajitungia yake. Hapo tengeneza kwanza uhusiano wake na ruta, kwa kuwa hayo mengine hayatafaa kitu. Pia tazama kama printa na kompyuta zimo katika mtandao mmoja kweli. Ruta nyingi hutoa mtandao wa wenyeji na mwingine wa wageni, na aliye katika ule wa wageni kwa kawaida huzuiwa asiwaone wengine. Printa nyingi za bei nafuu husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 peke yake. Kama ruta inatoa ya 5 tu, printa haitaona kitu. Kuta nene na mabati hudhoofisha mawimbi, kwa hiyo printa iliyo chumba cha tatu yaweza kushika na kuachia.

Bawabu

Nilipoisahihisha anwani nilidhani nimemaliza. Wapi! Ikashindwa tena. Safari hii kosa lilikuwa la bawabu, yaani ile programu ya ulinzi iitwayo fayawoli. Kompyuta inapoingia katika mtandao mpya, Windows huuhesabu ama kuwa wa nyumbani ama wa hadharani. Shule ilikuwa imebadilisha ruta, na kompyuta ikauhesabu mtandao mpya kuwa ni wa hadharani, kama ule wa stendi au hotelini. Katika mtandao wa namna hiyo bawabu hafungui mlango wa folda kwa ye yote. Mlango wenyewe una namba, nayo ni 445. Nikafungua mipangilio ya mtandao, nikabadilisha neno "Public" kuwa "Private", nikahakikisha kushirikisha mafaili kumewashwa, na faili yangu ya majaribio ikapita mara moja.

Watu hupenda kuzima fayawoli yote ili kuona kama ndiyo yenye kosa. Sipendi desturi hiyo, kwa sababu anayeizima husahau kuiwasha. Vilevile msitegemee sana amri ya ping: kompyuta yaweza kukaa kimya isiijibu kwa kuwa bawabu amekatazwa kuijibu, hali iko macho. Lakini kama kompyuta imelala kabisa kwa kuokoa umeme, hapana atakayepokea bahasha. Ile yenye folda ipangwe isilale saa za kazi.

Jina, neno la siri na kabati

Wengi huingia katika kompyuta zao kwa tarakimu nne, yaani PIN. Tarakimu hizo ni za mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ile tu. Haziwezi kutumiwa na aliye mbali. Printa sharti ipewe neno la siri lenyewe. Na akaunti isiyo na neno la siri hukataliwa na Windows mtu akija kwa njia ya mtandao. Tena mwenye kompyuta akibadilisha neno lake mwezi wa tatu, printa huendelea kusema lile la zamani, na hapana anayekumbuka. Ndiyo maana inafaa kumtengenezea printa akaunti yake peke yake ndani ya kompyuta, yenye neno refu, isiyo ya mwalimu ye yote, isiyoweza kufanya kingine ila kuandika katika folda ile.

Kuhusu kabati, iko ruhusa ya namna mbili: ile ya kushirikisha, na ile ya folda yenyewe ndani ya diski. Aingiaye kwa mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Windows ikishirikisha folda kwa mara ya kwanza huwapa watu ruhusa ya kusoma tu. Kwa hiyo utaona folda inafunguka vizuri, hata unafurahi, lakini picha haiingii. Wako wanaokata shauri kwa kumruhusu "Everyone", yaani kila mtu, afanye apendavyo. Hili si jambo la mchezo. Katika folda hiyo mna vyeti vya kuzaliwa na matokeo ya watoto wa watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaohifadhi taarifa za watu wazilinde.

Lugha ya zamani

Lugha ambayo printa na kompyuta huzungumza katika kazi hii huitwa SMB, na toleo lake la kwanza ni la miaka ya 1980. Mwezi wa Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilipitia udhaifu uliokuwa katika toleo hilo la kwanza, ikafunga kompyuta katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha kuwatibu watu. Tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows mpya huwekwa bila toleo hilo. Printa kuukuu inayojua toleo la kwanza tu itakataliwa, hata kama anwani na neno la siri ni sahihi kabisa. Hali kadhalika, toleo la Windows 11 la mwaka 2024, liitwalo 24H2, hudai kila ujumbe utiwe sahihi ya siri, na mashine zisizojua kufanya hivyo zimeachwa nje.

Mtu atakuambia urudishe toleo la kwanza, na ni kweli picha zitaanza kuingia. Shauri langu ni kukataa. Tafuta kwanza kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya printa hiyo. Kama hakutoa, tumia njia nyingine: chomeka flashi katika printa, au anzisha kuskani kutoka katika kompyuta badala ya printa, hapo safari inakuwa ile ya kwanza, na bawabu hana neno.

Mama alirudi siku ya mnada kama alivyosema. Picha ya cheti iliingia katika folda kabla hajaketi. Nikamwonyesha katika kioo cha kompyuta, akasoma jina la mwanawe polepole, kisha akauliza, "Na hii kompyuta, tope likija?" Sikuwa na jibu siku ile. Sasa kila Ijumaa nakala ya folda nzima, iliyofungwa kwa neno la siri, hutiwa katika diski ndogo, nayo hupelekwa kukaa mbali na shule, mahali palipoinuka.

Zoezi

1. Printa inachapa vizuri lakini haipeleki picha katika folda. Kompyuta ya pili, kwa jina na neno la siri la printa, inafungua folda na kuandika faili. Kosa liko upande gani, nawe utatazama nini kwanza?

2. Jana picha ziliingia. Usiku umeme ulikatika. Leo haziingii. Eleza utakavyohakikisha kama nyumba imehama.

3. Folda inafunguka na mafaili ya zamani yanasomeka, ila hapana faili mpya inayoweza kuandikwa, na diski haijajaa. Taja ruhusa mbili za kutazama.

Majibu yaandikwe katika karatasi na kuletwa chumba cha kompyuta kabla ya wiki ya mitihani.