LL.M. ya Marekani: Anzia Ofisi ya Msajili

Mwanasheria anayetaka kusoma LL.M., yaani shahada ya uzamili ya sheria, nchini Marekani, ningemshauri aanze na cheti cha matokeo cha shahada yake ya kwanza. Vyuo vingi hupokea nyaraka kupitia taasisi iitwayo Law School Admission Council, nayo haikubali nakala uliyoitunza nyumbani. Inataka chuo ulikosoma kiitume chenyewe. Masomo huanza Agosti, na vyuo vingi vikubwa hufunga maombi kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo fika kwa msajili mwaka mzima kabla. Hakikisha majina kwenye cheti na pasipoti yanafanana herufi kwa herufi. Aliyesoma kwa Kifaransa, Bujumbura au Kinshasa, aambatanishe tafsiri iliyothibitishwa.

Mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, LSAT, usikutishe, maana kwa kawaida ni wa wanaoomba JD, shahada ya msingi ya sheria ya Marekani. Kiingereza ndicho utakachopimwa, kwa TOEFL au IELTS, na matokeo yake hudumu miaka miwili. Vyuo vingine humsamehe aliyesoma shahada yake yote kwa Kiingereza. Uliza kabla hujalipia.

Barua za mapendekezo ziandikwe na watu wanaoijua kazi yako. Mhadhiri aliyesimamia tasnifu yako atakusaidia kuliko jaji mkuu mliyesalimiana mara moja. Katika maelezo binafsi, taja tatizo la kisheria unalotaka kulichimba: mikataba ya gesi, ardhi ya vijiji, usuluhishi wa migogoro ya kibiashara. Kusifia chuo hakumwambii msomaji lolote kukuhusu.

Sasa jambo ambalo wengi hulijua wamechelewa. LL.M. peke yake haikufanyi wakili wa Marekani. Kila jimbo lina masharti yake, na New York ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuwafungulia mlango waliosoma sheria nje. Shahada yenye mizizi katika mfumo wa sheria wa Kiingereza, kama za Tanzania, Kenya na Uganda, ikitimiza muda unaotakiwa, inaweza kukuruhusu kufanya mtihani wa uwakili hata bila LL.M. Aliyesoma chini ya mfumo wa Kibelgiji au Kifaransa huweza kuziba pengo la kutosoma mfumo wa Kiingereza kwa LL.M. ya krediti zisizopungua 24, ikiwemo maadili ya uwakili, uandishi wa kisheria na misingi ya sheria za Marekani. Masomo hayo lazima yasomwe chuoni, si kwa mtandao. Omba tathmini ya bodi ya mitihani ya New York mapema, kabla hujachagua kozi, kwani huchukua miezi.

Halafu fedha. Katika vyuo vikubwa ada peke yake huzidi dola 70,000 kwa mwaka. Ombi la ufadhili lipeleke pamoja na maombi ya nafasi, kwani ukisubiri barua ya kukubaliwa huenda fungu limeshagawiwa. Chuo hakitatoa fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza, mpaka uoneshe fedha za mwaka mzima, ada na matumizi. Ukiipata, lipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kisha omba viza ya mwanafunzi ya F-1, na siku ya mahojiano beba nyaraka zilezile za benki au za mfadhili ulizopeleka chuoni.