Nyota kufifia ni hesabu, si ramli

Pita mitaa ya mji wowote leo, hutakosa kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme kikitangaza 'kusafisha nyota'. Hapa Nyangoto, wilayani Tarime, ninapoishi, nimewasikia vijana wachimbaji wa dhahabu wakisema hawashuki shimoni mpaka wasomewe nyota zao kwanza. Fedha inatoka mfukoni kabla dhahabu haijatoka ardhini. Na hoja ya mganga ni ile ile: nyota yako imefifia.

Ndugu msomaji, nyota kweli hufifia. Lakini kufifia huko ni jambo linalopimwa kwa saa na kwa hesabu, wala halina habari na riziki ya mtu.

Mwaka 1784 kijana kiziwi wa Uingereza, John Goodricke, akiwa na umri wa miaka 20, aligundua kuwa nyota iitwayo Delta Cephei hung'aa, hufifia, kisha huirudia nuru yake kila baada ya siku 5 na saa 9 hivi. Sababu yake ilikuja kujulikana baadaye. Ndani ya nyota hiyo limo tabaka la gesi ya heli. Nyota inapojibana, tabaka hilo huzuia joto lisitoke, mfano wa kifuniko juu ya sufuria inayochemka. Joto likizidi, tabaka husukumwa nje, nyota hutanuka, joto hupata upenyo, kisha nyota hunywea tena. Ni kama kifua cha mtu anayepumua.

Faida ya kujua hayo ni nini? Mwaka 1912 Bibi Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha kuwa nyota za aina hii, kadiri pumzi yake inavyokuwa ndefu, ndivyo nuru yake halisi inavyokuwa kubwa. Ukiijua nuru halisi, ukailinganisha na ile inayokufikia, umepata umbali. Kwa kipimo hicho, miaka ya 1920, Edwin Hubble alithibitisha kuwa Andromeda ni mkusanyiko mwingine mkubwa wa nyota, mbali kabisa na huu wetu. Ni lile lile 'wingu dogo' ambalo Abdul-Rahman as-Sufi alikwishaliandika katika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964.

Sasa kwa nini vyombo vya kupimia vipelekwe anga za juu? Kwanza, hewa huitikisa nuru. Kule kumetameta tunakokuona ni kazi ya hewa, si mapigo ya nyota. Pili, mchana hukatiza kipimo. Daktari hawezi kuhesabu vizuri mapigo ya moyo ikiwa kila mara anaushika mkono wa mgonjwa na kuuachia. Chombo cha Marekani kiitwacho Kepler, kilichorushwa mwaka 2009, kwa miaka 4 kilipima nuru ya nyota zaidi ya 150,000 kila nusu saa, hata kikaona mabadiliko ya sehemu chache tu katika laki moja. Mwaka 2011, kwa vipimo hivyo, wataalamu waliweza kutenganisha nyota kubwa nyekundu zinazofanana kwa nje lakini zinazounguza gesi tofauti kwa ndani. Ni kama mnunuzi anayegonga tikiti maji sokoni akajua hali yake kabla ya kulipasua.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa satelaiti ya kupima miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, miale ambayo hewa huizuia isifike ardhini. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Mwaka 1971 ilinasa mapigo ya Centaurus X-3 kila baada ya sekunde 4.8. Hayo si ya kupumua, bali ni ya nyota ndogo nzito mno inayozunguka kama taa ya mnara wa bandarini. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi ilipaa kutoka pwani yetu, chombo kikiwa na jina la lugha yetu, na vijana wetu wangapi wanalijua hilo?

Kuanza hakuhitaji satelaiti. Jioni za Januari na Februari, nyota nyekundu ya Betelgeuse, jina lililotokana na Kiarabu, hupita karibu na utosi wetu hapa Nyangoto. Nayo hupanda na kushuka. Mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020 ilififia hata macho matupu yakaona, kwani vumbi lililotoka ndani yake liliziba nuru. Miezi michache baadaye ikang'aa tena. Hakuna aliyeisafisha.

Basi mzazi, mpe mwanao daftari. Kila wiki ailinganishe nyota hiyo na jirani zake, Rigel na Aldebaran, aandike tarehe na alichokiona. Bei ya daftari ni ndogo kuliko ada ya mganga, na mwaka ukiisha mtoto atakuwa na kitu mkononi.