Ukalimani wa Mashine: Programu za Zamani katika Prosesa Mpya

Mnamo Novemba 1857 msafara wa Waingereza Richard Burton na John Speke uliingia Kaze, katika eneo la Tabora ya leo, kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Speke hakujua Kiswahili. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ameishi Bara Hindi, naye Bombay aliyageuza maneno hayo kuwa Kiswahili. Shida kama hiyo ya lugha huipata programu ya zamani inapowekwa katika kompyuta mpya.

1. Lugha ya prosesa

Prosesa ni sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo. Kila agizo ni namba iliyoandikwa kwa tarakimu 0 na 1. Namba ambayo kwa prosesa ya aina moja ina maana ya "jumlisha" yaweza kuwa na maana nyingine, au isiwe na maana yoyote, kwa prosesa ya aina ya pili. Kompyuta nyingi za mezani zina prosesa za ukoo wa Intel 8086, iliyotolewa mwaka 1978. Simu nyingi za mkononi zina prosesa za aina ya ARM. Programu iliyotayarishwa kwa ukoo wa kwanza haiwezi kutekelezwa moja kwa moja na ukoo wa pili.

Yakiwapo maandishi ya mtungaji wa programu, kwa mfano katika lugha ya Pascal, programu yaweza kutayarishwa upya. Lakini mara nyingi maandishi hayo yamepotea, zikabaki namba tu.

2. Njia mbili za kuvuka

Njia ya kwanza ni ukalimani. Programu maalumu huiga prosesa ya zamani: husoma agizo moja, huligeuza, hulitekeleza, kisha huendea la pili. Agizo likirudiwa mara 1,000, hukalimaniwa mara 1,000. Kazi huwa sahihi, lakini ya polepole.

Njia ya pili ni tafsiri. Sehemu nzima ya programu hugeuzwa mara moja na kuhifadhiwa, kama barua iliyofasiriwa. Kampuni ya Apple ilitumia tafsiri ilipohamia prosesa za Intel mwaka 2006, na tena ilipohamia prosesa za aina ya ARM mwaka 2020.

Inawezekana pia kuweka mkalimani juu ya mkalimani. Speke alipofika Buganda mwaka 1862 kwa njia ya kaskazini kutoka Tabora, maneno yake yalipita kwa Bombay kwa Kiswahili, ndipo mkalimani mwingine akayasema kwa Kiganda. Kila ngazi huongeza muda.

3. Tatizo la mwendo

Kujua lugha peke yake hakutoshi. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilipima kwanza mwendo wa kompyuta. Zilihesabu mizunguko ya kitanzi cha maagizo katika milisekunde 55, kisha zikaigawa hesabu hiyo kwa 55. Jibu liliwekwa katika nafasi ya biti 16, ambayo namba yake kubwa kabisa ni 65,535. Prosesa zilipozidi kuwa za kasi, hesabu ilifika 3,604,480, yaani 65,536 × 55. Jibu halikuenea tena, na programu ikasimama ikitangaza kosa namba 200, ingawa prosesa ilielewa kila agizo. Mkalimani kama DOSBox husaidia hapa, kwa kuwa mwendo wake waweza kupunguzwa.

4. Umuhimu wa jambo hili

Shule au ofisi inaweza kuwa na takwimu za mvua au alama za mitihani zilizohifadhiwa kwa programu ya miaka ya 1980. Programu isipofanya kazi, takwimu zipo lakini hazisomeki. Kwa hiyo yafaa kuhifadhi pamoja programu yenyewe, maandishi ya mtungaji, jina la prosesa iliyokusudiwa, na nakala ya takwimu katika maandishi ya kawaida.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya ukalimani na tafsiri ya programu.
2. Kompyuta huzunguka kitanzi mara 4,400,000 katika milisekunde 55. Onyesha kwa hesabu kwa nini programu iliyoelezwa itasimama.
3. Kitanzi chenye maagizo 20 hurudiwa mara 500. Maagizo mangapi hugeuzwa kwa ukalimani, na mangapi kwa tafsiri?