Kifo cha Mama Kisiishie Kaburini: Somo Kutoka Kigoma

Sisi wa Elimu tunazijua taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zinaonyesha swali lipi limeangusha wengi na kwa nini. Hukuti humo jina la mtahiniwa wala la mwalimu wake. Anayezisoma hatafuti wa kumchapa, anatafuta mada ya kufundisha upya.

Kumbe hospitalini nako kuna kazi ya namna hiyo, ila swali lake ni zito zaidi: mama huyu amekufaje, na nini kingemwokoa? Ndiyo mapitio ya vifo vitokanavyo na uzazi.

Kinachopitiwa

Kinachohesabiwa ni kifo cha mwanamke mjamzito, au aliyefariki ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kumalizika, kwa sababu iliyoletwa au kuzidishwa na ujauzito huo. Ajali ya bodaboda haimo. Mtoto aliyezaliwa mfu, au aliyefariki wiki ya kwanza, naye hupitiwa. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 unataka kifo cha mama kitolewe taarifa ndani ya saa 24, kisha kamati ikae.

Kamati hutazama ucheleweshaji wa aina tatu. Chukua mfano wa mama wa kijijini Kibondo anayetoka damu usiku. Nyumbani wanasubiri mume arudi ndipo waamue. Njiani ni masika, pikipiki inazama kwenye tope. Akifika, damu ya kumwongezea haipo. Cheti cha kifo kitaandika "kutoka damu nyingi". Ni kweli, lakini cheti hicho hakisemi lolote kuhusu kusubiri, tope, wala jokofu tupu la damu.

Maweni ilivyofanya

Mfano mzuri tunao hapahapa mkoani. Katika Hospitali ya Mkoa ya Kigoma, Maweni, Dkt. Godfrey Mbaruku alipitia kumbukumbu za mwaka 1984 hadi 1986. Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba mengi hayakuwa yameandikwa ipasavyo. Kuanzia 1987 ukaanza mpango wa hatua 22, nyingi za gharama ndogo: vikao vya kupitia vifo, kukarabati vifaa, kuhakikisha damu ipo, kuwafundisha watumishi wakiwa kazini, kutengeneza maji ya dripu palepale, kuangalia watumishi muhimu wanaishi umbali gani, hata kupokea malalamiko ya wananchi. Kufikia 1991, vifo hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Yeye na Staffan Bergström walichapisha matokeo hayo mwaka 1995.

Ona basi: kikao peke yake hakiokoi mtu. Kinachookoa ni kile kinachofanyika kikao kikishaisha.

Lawama na sheria

Sasa, mkunga atasema ukweli mbele ya kamati kama anajua maneno yake yatamfukuzisha kazi? Atafunika tu, faili litapungua kurasa. Ndiyo maana kanuni ya mapitio ni bila jina, bila lawama, bila aibu.

Kwetu kanuni hiyo inakaa kwenye mwongozo wa wizara, na mwongozo si sheria iliyotungwa na Bunge. Marekani wamekwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 2018 inazipa fedha kamati za majimbo, na majimbo mengi yana sheria zinazozuia kumbukumbu za kamati kutumika kama ushahidi mahakamani. Wapo watakaouliza: je, mzembe si atajificha humo? Hapana. Uchunguzi wa kinidhamu na wa polisi una njia yake, nao ubaki. Tusichanganye vikao viwili, maana tukivichanganya tutakosa vyote.

Linatuhusu nini?

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha Kasulu, mwanafunzi wa kidato cha pili aliacha shule mama yake alipofariki akijifungua. Alibaki nyumbani kulea kichanga. Daftari la mahudhurio likamwandika mtoro. Kwa hiyo kifo kimoja kilikuwa kimeshaingia darasani, na sisi walimu tukakiita utovu wa nidhamu.

Ninachodai ni mambo mawili. Kwanza, Bunge liipe nguvu ya sheria ile kanuni ya bila lawama. Pili, kilichogunduliwa kirudi kijijini bila majina, kisomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiha pale inapobidi. Aliyechelewa kuamua na anayemiliki pikipiki hawaingii kwenye kamati ya hospitali. Nani atawaambia?

Maswali ya kujadili

1. Kati ya ucheleweshaji ule wa aina tatu, upi shule inaweza kuupunguza, na kwa somo gani?

2. Kamati ikigundua kuwa kosa ni barabara, nani awajibike kuleta jibu, na kwa muda gani?