Mito ya boti inanuka: nibadilishe sponji?

*Nina boti ya kupeleka wageni Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mito ya viti niliishonesha upya msimu wa juzi, sponji nene na ngozi bandia isiyopitisha maji. Sasa inanuka, na mgeni akiinuka nguo imelowa. Fundi makochi anasema nibadilishe yote, na pesa ni ya kuungaunga. Nifanyeje?*
*Nahodha, Kilwa Masoko*

Mwanangu, usimpe fundi pesa kwanza. Ukibadilisha sponji ukaacha ushonaji uleule, mwakani utaniandikia barua hii hii.

Maji mengi hayaletwi na mawimbi, yanapanda na abiria. Songo Mnara bahari ikitoka, wageni wanateremka na kukanyaga maji, kisha wanarudi kukaa na nguo zinazochuruzika. Mtu akikaa, mto unatoa hewa. Akiinuka, unavuta hewa upya, na maji yaliyotuama juu yanaingia nayo kupitia matundu ya sindano kwenye mshono. Ngozi bandia haipitishi maji, kweli, na kwa sababu hiyohiyo haiyatoi. Yakikauka, chumvi inabaki ndani, nayo huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana mto uliouacha mkavu jioni unaukuta chepechepe asubuhi, na mvua haikunyesha.

Kwa hiyo fungua kava zote. Sponji ukiiminya ikarudi upesi, bado nzima: iloweke kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi, ikanyage kwa miguu, mwaga, rudia mpaka maji ukiyaonja hayana chumvi. Isimamishe kwa ubavu kivulini penye upepo. Jua kali huifanya iwe ya njano na kupukutika. Inayopukutika vidoleni itupe, ila si baharini wala mikokoni.

Kisha rudi kwa fundi wako. Hakukudanganya, maana sebuleni ushauri wake ungefaa. Mwambie upande wa chini wa kila mto aweke wavu wa plastiki badala ya ngozi, na mshono aushushe ubavuni, karibu na chini. Uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa wa pamba utaoza. Zipu iwe ya plastiki. Ubao wa kiti nao utobolewe, au mbao ziachane upana wa kidole, la sivyo maji yatatoka kwenye mto na kutuama chini yake. Hapa ndipo pesa yako iende.

Utakaponunua sponji mpya, tafuta ile isiyonywa maji, jamii ya ile ya malapa. Usimwamini muuzaji kwa maneno. Omba kipande, kizamishe kwenye ndoo chini ya jiwe usiku kucha, asubuhi kikate katikati. Ndani pakiwa pakavu, nunua. Ni ngumu kukalia kuliko ya godoro, lakini kuvuka kwenda Kisiwani ni mwendo mfupi, inchi moja inatosha. Kwa safari ya Songo Mnara weka mbili. Kuna watakaokushauri sufi, na nawaelewa: sufi huelea, na zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kujiokolea. Naipenda sana kwenye mto wa kulalia. Kwenye boti inagandamana mapema na kushika moto upesi mno.

Kuhusu moto, nakuomba sana: tezi, karibu na mashine na madumu ya petroli, pabaki ubao mtupu. Sponji hunywa petroli kama inavyonywa maji, na ya kawaida ikiungua hutoa moshi wa sumu. Wala usihesabu mto unaoelea kuwa jaketi okozi. TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, ina sababu ya kutaka jaketi kwa kila abiria: mto humponyoka mtu mikononi, jaketi limefungwa mwilini.

Kazi ifanye wakati wa mvua za Aprili, wageni wakiwa wachache. Anza na mito miwili ya omo, inayorushiwa maji kuliko yote, na kila jioni imwagie maji baridi kabla ya kuianika. Kusi likivuma mpaka Julai nayo haijanuka, mpe fundi vipimo vya iliyobaki.